Farasi Aliyekaribishwa kwa Mpunga

Nyinyi vijana wa mifugo mnaopita kunisalimia hapa Mlabani, Ifakara, mna swali moja ambalo halikosi. Mkishamaliza shikamoo na kusifia chai ya mke wangu, mnaniuliza: "Mzee Fidelis, hivi ilikuwaje mtu wa Ifakara akaingia kazi ya mifugo kwa sababu ya farasi? Ifakara kuna farasi?" Halafu mnatazamana na kucheka. Chekeni tu, hata mimi ningecheka. Bonde hili ni la mpunga na samaki. Ng'ombe hawa mnaowaona leo ni wageni wa juzi juzi. Ujana wetu mbung'o walikuwa wengi mpaka ng'ombe wa kuchinja aliletwa akitembea kutoka mbali, na akachinjwa upesi kabla hajaanza kukonda. Sasa kama ng'ombe mwenyewe hakai, farasi atakaaje?

Basi leo nawaeleza moja kwa moja, na yule anayechezea simu kule nyuma aiweke mfukoni, maana sirudii.

Mimi nilimpenda farasi kabla sijamwona. Kanisani kwetu kulikuwa na picha ya mtakatifu mmoja aliyepanda farasi mweupe. Wenzangu walimtazama mtakatifu. Mimi nilitazama miguu ya yule farasi, nikawa najiuliza ule mguu wa mbele alioukunja ataushusha lini. Katekista alishanigonga kisogoni si mara moja. "Fidelis! Sali, acha kumkodolea macho mnyama wa watu." Marehemu mama alikuwa akisema mtoto huyu siku moja ataamka ameota kwato.

Nikakua hivyo hivyo, na miaka ya hamsini ikanikuta kijana mwenye mgongo mpana, mpagazi katika duka la Mzee Kombo. Huyu Mzee Kombo alikuwa mtu wa Pangani aliyehamia hapa zamani akafungua duka. Alikuwa na lori moja kuukuu lililopeleka mchele Iringa na kurudi na viazi na maharage. Mdomo wake ulikuwa wa kutania kila anayepita, lakini moyo wake ulikuwa laini kama wa mtoto. Mkewe, Bi Zaituni, ndiye aliyemshikia breki.

Siku moja lori likarudi halina kiazi hata kimoja. Nyuma kulikuwa na kitu kirefu kimefunikwa shuka nyeupe kutoka kichwani hadi mkiani, yanaonekana macho tu. Mzee Kombo alikuwa ameambiwa njiani kwamba mbung'o hupenda kutua kwenye rangi nyeusi, ndiyo maana akafunika kwa nyeupe. Lakini jirani yetu Mama Sabina, aliyekuwa akikaanga vitumbua kando ya duka, hakuyajua hayo. Aliona shuka nyeupe, akaona macho makubwa yaliyoinama kwa haya, akapiga ukelele: "Jamani, njooni! Mzee Kombo kaleta bibi harusi!"

Bi Zaituni akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuja mbio kweli kweli kumtazama huyo bibi harusi. Mzee Kombo akaruka chini kutoka kwenye lori, akavuta shuka haraka haraka, "Mke wangu, tazama kwanza! Tazama kwanza!" Akatokea farasi jike, mwekundu wa kahawia, na mstari mweupe umeshuka kutoka kipajini mpaka puani. Bi Zaituni akashusha mwiko. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini, na tangu siku hiyo farasi yule hakuwa na jina jingine ila Bibi Harusi.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama na gunia mgongoni, nimesahau kulitua. Machozi yalinitoka, sioni aibu kuwaambia. Ule mguu uliokunjwa kwenye picha ya kanisani, leo niliuona ukishuka chini.

"Huyu kampata wapi?" wakauliza watu. Ilikuwa hivi: mzungu mmoja wa huko juu Iringa alikuwa anafunga shamba arudi kwao, na hakuwa na mtu wa kumwachia farasi wake. Mzee Kombo alipomwona akashindwa kuondoka. Aliniambia baadaye, "Fidelis, utotoni Pangani nilimwona farasi mmoja wa tajiri akipita. Mmoja tu, mara moja tu. Nimezeeka nikimngoja apite tena." Basi nikajua kwamba mimi na yule mzee tuna ugonjwa mmoja. Palepale akanifanya saisi, yaani mtunza farasi. Nilitupa gunia.

Wazee wa hapa walimzunguka farasi wakamtazama vizuri, wakatikisa vichwa. "Kombo, umeleta mzigo mzuri, lakini huyu hamalizi masika. Bonde hili halijawahi kumlea farasi." Mzee Kombo akawajibu kwamba bonde halijawahi kujaribu. Kila mmoja wetu alijua kilichokuwa mbele: ama tutamweka hai, ama tutamzika.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupigwa teke. Nilimwendea kwa nyuma, kimya kimya, nikidhani kimya ni adabu. Nikajikuta nimekaa kwenye matope ya kisima, siwezi kuvuta pumzi. Bi Zaituni akanimwagia maji, akasema, "Hata mimi ukinijia kwa nyuma bila hodi nitakupiga." Kweli tupu. Farasi mjie kwa mbele kidogo, ubavuni, na umsemeshe kabla hujamgusa. Sema chochote, hata bei ya sukari, ila akusikie. Nimewafundisha vijana wengi neno hilo, na wengi hawakulishika mpaka walipokaa kwenye matope yao.

Sasa hapa ndipo penye kosa letu, na ni kosa ambalo wasingelifanya watu wengine wowote ila sisi wa bonde la mpunga. Nyinyi mnajua kwetu mgeni anavyopokelewa. Tukishavuna, mgeni akifika, kila nyumba hutoa chochote ili asilale akafikiri amekuja kwenye njaa. Na bibi harusi ndiyo usiseme, huyo haulizwi kama ameshiba.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, wakaja na nyungo vichwani. Mpunga mpya, umepepetwa, unanukia. Wengine walileta pumba laini za kinu. Mama Sabina alileta ungo uliojaa mpaka anayumba. Waislamu majirani wa Mzee Kombo nao hawakukubali kushindwa na Wakristo, wakatoa kapu zima. Mzee Kombo alikaa kwenye kiti chake mlangoni mwa banda, akapokea kama baba wa bibi harusi, "Ahsanteni, ahsanteni, Mungu awazidishie," na mimi nikimimina. Na farasi akala! Alikula tukamshangilia. Kila akiinua kichwa watoto wanapiga makofi, naye anainamia tena. Nilikwenda kulala nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo.

Asubuhi nilimkuta ametota jasho na hakuna jua. Anakwaruza chini kwa ukwato wa mbele, anageuza shingo na kutazama ubavu wake mwenyewe, analala, anaamka, analala tena na kugaagaa miguu juu. Nilimwita kwa jina, hakunitazama. Nikapiga kelele, Mzee Kombo akatoka na kikombe cha kahawa mkononi. Kikombe kilianguka.

Kulikuwa na bwana mifugo mmoja tu hapa Ifakara, Bwana Malogo, Mgogo mrefu mwembamba. Kazi yake ilikuwa kukagua nyama machinjioni na ngozi zinazokaushwa. Alikuja na baiskeli, akaiegemeza, akamzunguka farasi akimtazama. Mzee Kombo akashindwa kuvumilia. "Sema basi, bwana! Ana nini?"

"Mzee wangu," akasema Bwana Malogo, "mimi nimesomea ng'ombe. Farasi nilimwona chuoni Mpwapwa, kwa mbali, amepandwa na mkubwa wangu. Mkono wangu haujawahi kumgusa. Huyu simjui."

Watu walinung'unika. Tulitaka bwana mifugo atuambie anajua. Lakini yeye akavua kofia, akaitundika kwenye usukani wa baiskeli, akasema, "Lakini tumbo ni tumbo. Tulisikilize." Akamjia farasi kwa mbele, akamsemesha kwa Kigogo, akaegemeza sikio nyuma ya ubavu wa mwisho. Akahamia upande wa pili. Akasikiliza juu, akasikiliza chini. Kisha akaniita, "Njoo wewe mwenye masikio makubwa. Unasikia nini?"

Niliweka sikio. Ngozi ilikuwa ya moto, imelowa, na nilisikia moyo ukienda mbio. "Nasikia moyo."

"Na tumbo?"

"Tumbo kimya."

"Kimya kabisa?"

"Kama nyumba isiyo na watu."

Akatikisa kichwa. "Tumbo la farasi mzima sijui linalia vipi. Ila tumbo la mnyama aliye hai halikai kimya, hilo najua. Amekula nini?" Tukamwonyesha nyungo. Bwana Malogo akashika kiuno. "Mungu wangu! Mmempa harusi nzima peke yake." Akatueleza neno moja alilolisikia chuoni: farasi hatapiki. Ng'ombe anarudisha chakula akacheua, mbwa anatapika, wewe ukizidisha pilau unatapika, lakini farasi kilichoingia mbele lazima kitokee nyuma. Kisipotoka, tumbo linajaa upepo, linajisokota, anakufa.

Mama Sabina akaanza kulia. "Nimemuua, jamani. Ungo wangu ndio ulikuwa mkubwa."

"Mama, hakuna aliyeua," akasema Bwana Malogo. "Tunahitaji mafuta ya ufuta, chupa, na watu wa kutembea naye. Asiruhusiwe kugaagaa."

Mafuta yalitoka dukani. Kumnywesha farasi si sawa na kumnywesha ng'ombe, lakini hilo hatukulijua, tulijifunza pale pale. Pembeni mwa mdomo wa farasi kuna mahali pasipo na meno, ndipo chupa inapoingia. Unainua kichwa kidogo tu, unamimina kidogo, unasubiri ameze. Ukiharakisha, mafuta yanakwenda mapafuni na kazi imekwisha. Bwana Malogo alimimina, mimi nikawa natazama koo la farasi likishuka, nikisema "amemeza" kila linaposhuka.

Halafu tukatembea. Tulimzungusha kwenye uwanja mbele ya duka, tukipokezana. Mzee Kombo alifunga duka, jambo ambalo halikuwa limetokea hata siku aliyougua yeye mwenyewe. Alishika kamba akatembea na kanzu yake imelowa matope, tasbihi mkono wa pili. Adhuhuri ilipofika akasali, akarudi kwenye kamba. Vijana wa mpira walishika zamu, mafundi baiskeli walishika zamu, na wale wanawake wakasimama mzunguko mzima na nyungo zilezile za jana wakimpepea na kumfukuzia nzi. Kila farasi alipopinda magoti ili alale, watu wote tulipiga kelele, "Simama, Bibi Harusi! Simama, mama!" Naye akasimama, masikini, sijui kwa nguvu gani.

Kila baada ya mizunguko kadhaa Bwana Malogo alimsimamisha na kuniita. Nikaweka sikio. Kimya. Tunazunguka tena, kimya. Mara moja Mzee Kombo akasema, "Na mimi nisikie." Akaegemeza sikio lake na kofia yake, akakaa hapo kwa muda. Alipojiondoa uso wake ulikuwa umebadilika. Aliniambia polepole, "Fidelis, kule ndani hamna mtu." Nilimhurumia kuliko nilivyomhurumia farasi.

Jua lilipoanza kushuka, nikaweka sikio tena kwa mazoea tu, na nikasikia kitu. Kilikuwa mbali, kidogo mno, kama maharage yanayoanza kuchemka kwenye chungu cha jirani. Nikashika pumzi. Kikaja tena. Nikamwita Bwana Malogo, naye akasikiliza mpaka akafumba macho. Akainua kidole kimoja juu, na uwanja wote ukanyamaza.

"Linasema," akasema. "Sasa tunangoja kitu kimoja."

Mlabani nzima ikangoja. Watu wazima, wacha Mungu, wenye heshima zao, tumesimama nyuma ya farasi tunatazama mkia. Mkia ukainuka, watu wakasogea. Ukashuka, wakaguna. Ukainuka tena, na yakashuka mavi, nisameheni lakini kazi yetu ndiyo hiyo, mavi mazuri ya mviringo yanayong'aa mafuta, na punje za mpunga ndani yake. Nimehudhuria harusi nyingi na ubatizo mwingi tangu hapo. Vigelegele kama vile vilivyopigiwa mavi siku ile sijavisikia tena. Mama Sabina alicheza. Mzee Kombo alimkumbatia Bwana Malogo mpaka miwani ya yule bwana ikadondoka, na mimi nikamkumbatia farasi shingoni nikalia wazi wazi, nani anione, nani asinione.

Kwato zilimuuma wiki kadhaa baada ya hapo, kwa sababu nafaka nyingi kwa farasi hushukia miguuni. Bwana Malogo akasema asimame kwenye matope baridi, na matope, kama mnavyojua, hatukuwa na shida nayo. Tangu siku hiyo alikula majani, na Mama Sabina akawa mlinzi. Mtu akionekana na punje moja ya mpunga karibu na banda, alifukuzwa kwa mti wa kuni.

Nyinyi mna vyombo vya kusikilizia vya kutundika shingoni. Vizuri, vitumieni. Sisi tulichemsha sindano moja kwenye sufuria tukaitumia mpaka ikawa butu, nyinyi mnatupa kila siku. Hayo ni maendeleo, siyaonei wivu. Ila hata chombo kizuri kinataka mtu wa kutulia. Nilipokwenda kusoma Mpwapwa, niliambiwa nimpime ng'ombe, nikakimbilia kumsikiliza upande wa kulia kama nilivyozoea kwa farasi, nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba tumbo limekufa. Mwalimu akacheka mpaka akajifuta machozi. "Zunguka kushoto, bwana farasi. Ng'ombe tumbo lake kubwa liko kule." Nikazunguka, kumbe ndani kuna ngurumo kama mashine ya kukoboa. Miaka yote ya chuo niliitwa Bwana Farasi.

Lakini nimeruka. Turudi hapa Mlabani.

Tulimponya tumbo, tukajiona mashujaa. Haikupita muda mrefu akaanza kukonda huku anakula. Manyoya yakasimama, macho yakawa na ukungu, tumbo kwa chini likavimba. Ilikuwa homa inayokuja na kuondoka. Bwana Malogo akachukua tone la damu sikioni mwake, akalipaka kwenye kioo, akaenda kulitazama kwa darubini ya zahanati. Alirudi kwa miguu anasukuma baiskeli, hakuipanda.

"Nagana," akasema. "Mbung'o wamemfikia."

Alimpiga sindano ya ng'ombe, kwa hofu, kipimo kidogo kidogo. Farasi akapata nafuu. Mzee Kombo akafurahi, lakini Bwana Malogo hakufurahi naye. "Mzee wangu, nimemtibu. Mvua ijayo nitamtibu tena, na inayofuata tena. Halafu siku moja dawa itakataa. Huyu anatakiwa kurudi juu, kwenye baridi, mahali mbung'o hawafiki."

"Nimemleta mimi, nitamtunza mimi," akasema Mzee Kombo. "Nitajenga banda la wavu. Nitachoma moshi kutwa."

"Jenga, Mzee. Choma. Mbung'o mmoja anatosha."

Mzee Kombo akakasirika, akaingia ndani, akafunga mlango. Na mimi, wanangu, nilikuwa upande wake. Nilichoma mavi makavu bandani mpaka macho yangu yakawa mekundu kama ya mlevi. Nilimfunika shuka nyeupe. Nilimpepea mpaka mkono ukafa ganzi. Usiku nilimwota, na mchana nilikuwa naye. Kumpeleka Iringa kwangu ilikuwa sawa na kunikata mguu.

Asubuhi moja nilimkuta Mzee Kombo ameshanitangulia bandani. Alikuwa amesimama na sikio lake ubavuni mwa farasi, amefumba macho. Nikamwamkia, akaitikia bila kujiondoa.

"Linasema?" nikamuuliza.

"Linasema," akajibu. Akajiondoa. "Fidelis, wewe unataka abaki?"

"Nataka abaki, Mzee. Sana."

"Hata mimi." Akampapasa ule mstari mweupe kutoka juu mpaka puani. "Basi sisi wawili ndio tutakaomuua."

 Tulisimama pale, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, farasi katikati anapumua. Halafu Mzee Kombo akavaa kofia yake vizuri.

"Mpeleke," akasema. "Kaa naye huko huko, asikae na watu wasiomjua. Na mtu akikuuliza, usiseme Kombo kashindwa kumtunza. Sema ameolewa Iringa."

Habari ilienea kabla kahawa haijapoa. Ameolewa! Basi Mlabani ikamfanyia sherehe ya kumtoa. Wanawake walivaa khanga zao za siku kubwa, wakaimba. Mpunga ukaja tena kwenye nyungo, lakini Mama Sabina akasimama mlangoni mwa banda na mti wake wa kuni, akaelekeza wote kwangu. "Mpeni msindikizaji! Bibi harusi msimpe!" Nikapakiwa mchele wa kula nusu mwaka. Bi Zaituni alimfunika farasi shuka nyeupe, mpya, aliyoishona pindo yeye mwenyewe, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mzee Kombo alimnong'oneza farasi sikioni. Alichomwambia sikijui hadi leo. Kisha akamgeukia dereva akamkaripia kwamba akipita kwenye shimo hata moja kwa fujo asirudi.

Tulipofika kijiji cha Kisawasawa jua lilikuwa limekolea, na mbung'o wakaingia kwenye lori kama walioalikwa. Nilipigana nao kwa tawi la mti na kofia yangu, nikiwaambia wanile mimi. Na walinila. Lakini baridi ya milimani ilipotupiga usoni, farasi akainua kichwa akapanua pua, akalia mlio ambao hakuwahi kuulia Ifakara. Nilijua hapo kwamba tulifanya sawa, na niliumia kwamba tulifanya sawa.

Alipokelewa kwenye shamba lililofunguliwa karibuni jirani na lile la zamani, lenye farasi wengine, nami nikabaki kama saisi. Daktari wa mifugo wa serikali aliyekuwa akija pale aliniona naweka sikio kwenye matumbo ya wanyama kila asubuhi kabla sijanywa chai. Akauliza nani kanifundisha. Nikamwambia, bwana mmoja ambaye alikuwa hajui. Akacheka, lakini ndiye aliyenipeleka Mpwapwa. Nilihitimu, nikapangiwa huko huko nyanda za juu, nikatibu ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku na hata paka wa padri. Farasi nilitibu wachache mno. Bibi Harusi nilimwona kila nilipopita, na alinijua kwa sauti.

Alipozaa, nilimpa dereva wa lori salamu ampelekee Mzee Kombo: binti yako amejifungua, dume. Lori liliporudi lilikuwa na gunia la mchele limeshonwa kwa uzi mwekundu, na maneno ya dereva: "Mzee anasema ni zawadi ya uzazi wa mjukuu. Anasema mle nyinyi, mama asiguse."

Miaka ikaenda. Uhuru ukaja, mashamba yakabadilisha wenyewe, farasi akazeeka mahali pake hakuna aliyemsumbua. Alipokufa, habari ile sikumpa dereva. Nilipanda gari mwenyewe nikaja Ifakara. Mzee Kombo alikuwa ameshaacha duka kwa wanawe. Alikuwa amekaa barazani, macho yamefifia, lakini aliposikia shikamoo yangu akanitambua.

"Umekuja mwenyewe," akasema. "Basi amekufa."

"Amekufa, Mzee."

"Aliumwa?"

"Uzee tu. Alilala chini ya miti asubuhi, hakuinuka."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Vidole vyake vikatembea kwenye tasbihi. "Ulisikiliza?"

"Nilisikiliza, Mzee. Nilikuwa nimeweka sikio mpaka mwisho."

"Kulikuwa kimya?"

"Hapana. Lilikuwa linasema. Moyo ulisimama kwanza, tumbo likaendelea kusema kidogo, ndipo likanyamaza."

Mzee Kombo akatikisa kichwa polepole, mara nyingi, na machozi yakamshuka kwenye ndevu bila kuyafuta.

"Alhamdulillahi," akasema. "Alikuwa ameshiba." Halafu akageuza uso kuelekea mlangoni, akapaza sauti yake ile ile ya dukani: "Zaituni! Weka wali jikoni. Tuna mgeni, katoka mbali."